Pumu na Utulivu wa Akili: Mwongozo wa Wiki Nane Unaoanzia Miguuni

Kila mwenye pumu ameshaambiwa maneno haya: "Tulia, vuta pumzi ndefu." Anayeyasema huwa na nia njema, na mara nyingi ni mtu ambaye kifua hakijawahi kumbana. Kwa mtu ambaye njia zake za hewa zimebanwa, pumzi ndefu ndicho kitu asichokiweza kwa wakati huo, na kila akijaribu akashindwa, hofu inapanda. Mwongozo huu unahusu mazoezi ya umakinifu, yaani kujizoeza kutambua kinachotokea mwilini na akilini sasa hivi, bila kukikimbia na bila kukiongezea chumvi. Lakini umepangwa kwa ajili ya mwenye pumu, kwa hiyo hauanzi na pumzi. Unaanza na miguu.

Na kabla ya yote: mazoezi haya hayafungui njia za hewa. Dawa ndiyo inayozifungua. Mtu yeyote atakayekuuzia kutafakari, yoga au maombi kama mbadala wa inhela, mpishe aende zake.

Kazi ya mazoezi haya, na mpaka wake

Pumu inapobana, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, kuta za njia hizo huvimba kwa ndani, na makohozi mazito huongezeka. Salbutamol, ile inhela ambayo mara nyingi huwa ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika 5 hivi, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Dawa za steroidi za kuvuta, kama budesonide na beclometasone, hutuliza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, na ndizo zinazozuia shambulio lijalo. Hakuna kukaa kimya kunakofanya kazi ya dawa hizi mbili.

Kuna jambo la nne ambalo dawa haziligusi. Kifua kikianza kubana, hofu inaingia. Hofu inaongeza kasi ya kupumua. Mtu anaacha pua na kuvuta hewa kwa mdomo, hivyo hewa inafika kifuani ikiwa baridi na kavu, haijapashwa joto wala kutiwa unyevu. Njia za hewa ambazo tayari zimekasirika zinazidi kukaza, na mtu anazidi kuogopa. Umakinifu unafanya kazi hapo: katika zile sekunde chache kati ya "kifua kinabana" na "ninakufa". Ukizipata sekunde hizo, unakumbuka inhela iko mfuko gani, unaivuta ipasavyo, na unajua wakati wa kwenda hospitali.

Utafiti nao unaonyesha picha hiyohiyo. Programu inayotumika zaidi ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani: wiki 8, kikao kimoja cha pamoja kila wiki, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Mwaka 2012 jarida la Thorax lilichapisha jaribio la watu wazima 83 wenye pumu. Waliopitia programu hiyo, mwaka mmoja baadaye, walikuwa na maisha bora na msongo mdogo kuliko kundi lililofundishwa masomo ya kawaida ya afya. Nguvu ya mapafu yao haikubadilika. Huko Uingereza, jaribio kubwa la kuwafundisha watu 655 namna ya kupumua, lililochapishwa mwaka 2018, lilitoa matokeo ya aina hiyo: maisha bora, mapafu yaleyale. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walionyesha kwamba programu ya wiki 8 iliwasaidia wagonjwa kuidhibiti pumu yao vizuri zaidi, wakiwa bado kwenye dawa zao. Mimi naona hayo si matokeo madogo. Mtu anaishi na pumu kwa miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo si mashambulio, ni kuyahofia.

Kabla ya wiki ya kwanza

Hakikisha una pumu kweli, na imethibitishwa na daktari. Kukosa pumzi kunaweza kutoka kwenye moyo, upungufu wa damu, kifua kikuu au mambo mengine, na kukaa kimya juu ya kiti hakutakuambia ni lipi.

Kisha angalia dawa zako. Wengi kwetu wanatumia salbutamol peke yake, tena ya vidonge, kwa sababu ni rahisi na inapatikana duka la dawa la mtaani. Vidonge hufanya kazi taratibu kuliko inhela na hutetemesha mwili zaidi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaotolewa na GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, umeacha kupendekeza kwamba mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol pekee. Anahitaji pia steroidi ya kuvuta, kwa sababu uvimbe usiotibiwa hauondoki. Kama hujawahi kuandikiwa, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza, kabla ya zoezi lolote. Na ule usemi wa mitaani kwamba "ukizoea inhela hutaiacha maisha" umewagharimu watu wengi. Inhela haileti uteja. Kinachomfanya mtu aivute kila saa ni pumu ambayo haijadhibitiwa.

Mwombe daktari au nesi akuandikie mpango kwenye karatasi: dawa ya kila siku ni ipi, ya kubanwa ni ipi, mivuto mingapi, na lini ukimbilie hospitali. Kama unaweza, nunua kipima pumzi, kile kibomba kidogo cha plastiki kinachopulizwa kwa nguvu. Puliza mara 3 siku ambazo uko mzima, andika namba ya juu kabisa. Hiyo ndiyo 100 yako. Chini ya asilimia 80 ya namba hiyo ni tahadhari. Chini ya asilimia 50 ni dharura.

Punguza pia vichochezi. Jiko la mkaa ndani ya chumba, dawa ya mbu ya kuchoma, mende, vumbi la godoro kuukuu. Na ndugu zangu wa pwani mnisamehe: udi na ubani pia. Harufu ni nzuri, moshi ni moshi. Ukikaa kutafakari katika chumba kilichofukizwa, unapoteza muda.

Wapo watakaouliza kama haya ni mambo ya dini ngeni. Kabat-Zinn alijifunza kutafakari kwa walimu wa Kibudha, hilo halifichwi, lakini programu yenyewe hufundishwa hospitalini bila ibada wala mantra. Utakachofanya hapa ni kuhisi nyayo zako sakafuni. Mwislamu anaweza kukaa juu ya mswala dakika chache baada ya kutoa salamu, Mkristo baada ya sala ya asubuhi, na asiyesali baada ya kupiga mswaki.

Wiki ya 1: miguu

Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima bila kukakamaa. Vua viatu, weka nyayo zote mbili sakafuni. Weka saa ya simu ikuamshe baada ya dakika 5, kisha igeuze kifudifudi. Macho unaweza kuyafumba au kuyaacha yatazame chini.

Sasa peleka akili kwenye nyayo. Sakafu ni ya baridi au ya uvuguvugu? Kisigino kinabeba uzito zaidi au vidole? Mguu wa kulia na wa kushoto vinahisi sawa? Usitafute raha wala amani. Unachofanya ni kuchunguza tu.

Baada ya sekunde kumi hivi utajikuta kwenye ada ya shule, au kwenye ujumbe wa kundi la familia ambao hukuujibu. Hilo si kosa, na wala halimaanishi kwamba zoezi limekushinda. Ukigundua umeondoka, rudi miguuni. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Utarudi mara ishirini katika dakika 5, na hizo ni mara ishirini za mazoezi.

Nyayo zikikuchosha, tumia viganja vilivyolala mapajani, au sauti: jogoo, pikipiki inayopita, jirani anayepika. Kwa nini si pumzi? Kwa sababu kwa mwenye pumu pumzi ni eneo lenye historia. Ukimwambia mtu aliyewahi kulazwa usiku akiwa hawezi kumaliza sentensi kwamba aangalie pumzi yake, anaanza kuipima, kuisahihisha, kuitilia shaka, na baada ya dakika mbili amebanwa kwa wasiwasi tu. Miguu haina historia hiyo. Tena miguu utakuwa nayo hata siku pumzi imekwenda.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, wiki nzima, usiongeze kitu.

Wiki ya 2: inhela kwa akili yote

Wiki hii pekee ingetosha kuandikiwa mwongozo wake. Wagonjwa wengi huvuta inhela vibaya na hawajui. Dawa inaishia kooni na kwenye ulimi, halafu mtu anasema haimsaidii. Umakinifu hapa una faida ya moja kwa moja, kwa sababu inhela ni jambo la sekunde chache lenye hatua nyingi, na akili iliyo mbali huziruka.

Fanya kila hatua ukiifahamu. Kaa au simama wima. Toa kifuniko, angalia kama mdomo wa inhela ni safi. Itikise, usikie dawa ikichezacheza ndani. Toa pumzi taratibu hadi inapoishia yenyewe. Bana midomo vizuri kuizunguka. Anza kuvuta hewa polepole, na ukiwa umeshaanza kuvuta, bonyeza mara moja, kisha endelea kuvuta polepole kwa sekunde 3 hadi 5. Zuia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri unavyoweza bila kujilazimisha. Toa pumzi. Subiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya mvuto wa pili, na muda huo wa kusubiri uutumie miguuni, kama ulivyojifunza wiki iliyopita.

Hayo ni ya inhela za kupuliza. Zile za unga ni kinyume: hizo huvutwa kwa nguvu na kwa kasi tangu mwanzo. Muulize mfamasia ya kwako ni aina gani, na umwonyeshe unavyoivuta.

Kama kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja kunakushinda, tumia spesa, yaani kile kichumba cha plastiki kinachounganishwa na inhela, dawa ikaingia humo kwanza kabla ya kuvutwa. Spesa za dukani ni ghali na hazipatikani kila mahali, lakini utafiti wa Cape Town uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie na kuzibwa kwa gundi isivuje, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya kiwandani. Ukitumia spesa, bonyeza mara moja, kisha vuta taratibu.

Baada ya dawa ya steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uteme, usije ukapata fangasi mdomoni. Halafu mazoezi yako ya dakika 5 yabandike papo hapo, baada ya dozi ya asubuhi na ya jioni. Zoezi litakukumbusha dawa, na dawa itakukumbusha zoezi.

Wiki ya 3: kuupitia mwili

Katika programu ya awali zoezi hili huchukua kama dakika 45, mtu akiwa amelala chali. Kwa mwenye pumu dakika 15 zinatosha kwa kuanzia, na kulala chali si lazima. Wengi hubanwa wakilala hivyo. Egemea mito miwili mitatu, au baki kwenye kiti.

Anzia vidole vya miguu, panda polepole: kifundo, muundi, goti, paja, nyonga, tumbo. Kila mahali kaa pumzi kadhaa, hisi kilichopo, endelea. Ukifika kifuani usiweke kambi. Pitia kama ulivyopitia goti, uende mabegani. Mabegani na shingoni ndipo utakapokaa zaidi, kwa sababu mwenye pumu ana mazoea ya kuinua mabega kila anapopumua, na misuli hiyo huchoka bila yeye kujua. Angalia pia taya. Ukikuta meno yameumana, yaachanishe.

Wiki ya 4: pumzi, kwa kando

Sasa unaweza kuiangalia, kwa masharti. Fanya siku ambayo uko sawa, si siku ya mafua wala siku ya vumbi. Weka mkono mmoja tumboni. Baki na miguu kwa dakika mbili, kisha ruhusu umakini uende tumboni au kwenye ncha ya pua, mahali hewa inapoingia. Funga mdomo kama pua haijaziba.

Usiivute ndefu. Usiizuie. Usiihesabu. Iache iwe fupi kama ni fupi. Ukiona umeanza kuiendesha, rudi miguuni bila kujilaumu. Ukisikia kizunguzungu, au ganzi vidoleni na pembeni mwa midomo, umekuwa ukipumua kupita kiasi. Acha zoezi, tembea kidogo, zungumza na mtu. Na kama kifua kimeanza kupiga filimbi, zoezi limekwisha, chukua inhela.

Wapo watu ambao hata baada ya mwezi pumzi bado inawatia hofu. Wabaki na miguu moja kwa moja. Hawajapoteza chochote.

Wiki ya 5: kutenganisha pumu na hofu

Chukua daftari. Kila kifua kinapobana kidogo, kabla au mara tu baada ya kuvuta dawa, andika mistari mitatu. Wa kwanza ni wa mwili: wapi hasa, ni kubana, kuwasha, kukohoa, au filimbi wakati wa kutoa pumzi? Wa pili ni wa moyo: hofu, hasira, aibu ya kukohoa mbele za watu? Wa tatu ni wa mawazo, kwa maneno yaleyale yaliyopita kichwani: "hospitali ni mbali", "nimeisahau inhela", "leo ndiyo leo". Ukiwa na kipima pumzi, ongeza namba.

Lengo si kuamua kwamba "ni hofu tu" na kuacha dawa. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ni pumu. Daftari linakufundisha kwa kutazama nyuma. Baada ya wiki mbili au tatu utaanza kuona kwamba kubana kwa pumu yako kuna sura yake: labda kunaanza na kuwashwa kidevuni au koo, kunakuja na kikohozi cha alfajiri, namba inashuka. Kubana kwa wasiwasi nako kuna sura yake: kuhema, ganzi, haja ya kupiga miayo, huku namba ikiwa palepale. Wapo pia wenye kasoro ya upande wa pili, nayo ni hatari zaidi: namba imeshuka sana nao wanasema wako salama. Hao ndio hasa wanaohitaji kupuliza kile kibomba kila asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayeelezwa kliniki. Salbutamol yenyewe hufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Mtu amevuta dawa, njia za hewa zinafunguka, lakini moyo unadunda, vidole vinacheza, naye anahitimisha kwamba hali inazidi. Ukishajua, jiambie waziwazi: "Huu mtetemo ni dawa." Rudi miguuni, subiri upite. Lakini uukague pamoja na kifua: kikiwa bado kinabana, mtetemo usikudanganye kwamba dawa imeshafanya kazi.

Na ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, usiufuate. Kwa mwenye pumu aliyebanwa ni hatari.

Wiki ya 6: kutembea

Tembea taratibu dakika 10, ukihisi kisigino, unyayo, vidole. Ongeza mwendo kidogo kidogo, na mwishoni punguza hivyohivyo. Kama mazoezi hukubana, fuata mpango wa daktari kuhusu dawa kabla ya kutembea. Msimu wa baridi, Juni na Julai kule Njombe au Limuru, ziba pua na mdomo kwa mtandio au skafu. Usitembee kandokando ya barabara yenye malori.

Wiki ya 7: kufanya majaribio ya shambulio

Majaribio haya yanafanywa ukiwa mzima, na wale unaoishi nao, angalau mara mbili. Siku ya kubanwa akili haibuni kitu, inarudia ilichozoea.

1. Kaa wima, egemea mbele kidogo, viwiko mezani au mapajani. Usilale.
2. Vuta salbutamol mvuto mmoja, kwa spesa kama ipo. Rudia kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, hadi mivuto 10, isipokuwa kama mpango wako ulioandikwa unasema vingine. Wanaotumia inhela yenye budesonide na formoterol kwa kubanwa wafuate mpango wao.
3. Kati ya mvuto na mvuto, nyayo sakafuni. Hisi uzito. Usirekebishe pumzi.
4. Ikiwa hakuna nafuu, au nafuu haikudumu kwa muda wa saa nne, nenda hospitali, ukiendelea na dawa njiani.

Usisubiri hata hatua ya 4 ukiona dalili hizi: mtu hawezi kumaliza sentensi, ngozi inazama katikati ya mbavu au juu ya kola, anachoka na kusinzia, anachanganyikiwa. Kwa ngozi zetu nyeusi, ubuluu au ukijivu uutafute ndani ya midomo, kwenye ulimi na chini ya kucha. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu. Maana yake hewa haipiti tena.

Usafiri nao upangwe kabla. Kuwa na namba ya dereva wa teksi au bajaji anayepokea simu saa 9 usiku, na iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Wafundishe pia maneno. Unaweza kumwambia dada yako hivi: "Dada, nikibanwa usiniambie nitulie. Niletee ya bluu na ile chupa, fungua dirisha, kaa karibu yangu, wengine watoke. Usiniulize maswali ya kujibu kwa sentensi, niulize ya kutikisa kichwa." Watu wakijua cha kufanya, kelele za nyumba nzima hupungua, na hizo kelele nazo ni kichochezi.

Kwa mtoto, zoezi ni la mzazi kwanza. Mtoto anasoma uso wa mama kabla ya kuhisi kifua chake. Mama ahisi nyayo zake, ashushe mabega, aongee kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mama yuko hapa, tunavuta dawa pamoja." Mtoto akiwa mzima, mchezo wa dakika 2 unatosha: tusikilize, nani atasikia sauti tano?

Wiki ya 8: usiku, na kupima ulipofika

Pumu hupenda usiku wa manane na alfajiri. Kwa wengi njia za hewa huwa nyembamba zaidi karibu saa 10 alfajiri. Ukiamka umebanwa, keti kwanza, washa taa, vuta dawa. Inhela na spesa zikae mahali mkono unapofika gizani. Ukishapata nafuu, usirudi kulala ukijisikiliza. Pitia mwili ukiwa umeegemea mito, kuanzia miguuni, na kama usingizi haurudi, andika mistari yako mitatu. Kuamka hivyo hata mara moja kwa wiki ni jambo la kumwambia daktari.

Mwisho wa wiki jiulize maswali manne ambayo madaktari hutumia, kuhusu wiki 4 zilizopita. Je, umebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umewahi kuamka usiku kwa pumu? Umetumia salbutamol zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi au shughuli uliyoshindwa kwa sababu ya pumu? Kama yote ni "hapana", pumu yako imedhibitiwa vizuri. "Ndiyo" moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa, na hapo tiba ni kurudi kliniki na daftari lako, si kuongeza dakika za kutafakari.

Usijipunguzie dozi kwa kuwa unajisikia mtulivu. Pumu ikiwa imetulia kwa miezi 2 hadi 3, daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa hatua kwa hatua. Uamuzi huo ni wenu wawili.

Baadhi ya watu, hasa waliopitia mambo mazito au wenye sonona, huamshiwa kumbukumbu mbaya na ukimya. Ukiona mazoezi yanakuacha vibaya kuliko yalivyokukuta, siku baada ya siku, yaache na uonane na mshauri au daktari wa afya ya akili.

Kwa wengine wote, baada ya wiki ya 8 baki na dakika 10 kwa siku: 5 baada ya dozi ya asubuhi, 5 baada ya dozi ya jioni. Zoezi la shambulio lirudiwe na familia kila msimu unaokusumbua unapokaribia, na siku hiyohiyo mwangalie tarehe ya mwisho ya inhela na mivuto iliyobaki ndani yake.